Mtu Hajipokezi Kijiti

Katika nchi ile ulikuwapo usiku mmoja kila mwaka ambao haukupita wenyewe, ilibidi ubebwe. Jua likishazama, kila nyumba ilitoa watu wake, ndugu kwa marafiki, wakashika kijiti wakakimbia nacho barabara nzima, huyu akimpa yule, mpaka upande wa pili, na huko ndiko kulikokucha. Msiniulize ingekuwaje kama isingefika nyumba hata moja. Niliwauliza waliokuwapo, wakanitazama kama mtu aliyeuliza itakuwaje siku maji yakikataa kulowesha, kisha wakaendelea kumenya mihogo yao. Nami nawaheshimu kwa hilo. Watu wanaoijua kazi yao hawana nafasi ya maswali ya namna yangu.

Kijiti chenyewe hakikuwa na maajabu. Kilikuwa kipande cha mninga, kifupi kuliko mwiko wa ugali, kimelainika kwa jasho la viganja. Sheria nayo ilikuwa moja, hata mtoto aliijua: barabarani kulikuwa na taa, na kila penye taa kijiti kitoke mkononi mwa mtu kiingie mkononi mwa mtu mwingine. Mtoaji anasema, "Chako." Mpokeaji anajibu, "Changu." Basi. Hapo aliyetoa amekwisha, sehemu yake ya usiku imekwisha na hairudi, na aliyepokea ameanza. Nyumba ambayo kijiti chake hakikubadili mikono penye taa, hata ikifika ya kwanza, ilihesabiwa haikukimbia, na wote walioshika kijiti chake usiku ule walihesabiwa hawakuwapo.

Mnacheka. Lakini ipo nyumba moja, siitaji jina kwa kuwa wajukuu bado ni wakali, ambayo babu yao alikataa kutoa. Alifika kwenye taa, mwanawe kanyoosha mkono, babu akampita. Akasema kijana hajakomaa. Taa iliyofuata akampita binti yake. Huyu, akasema, atakiangusha. Akapita wote. Walimpungia mikono weee, mwisho wakaenda zao kulala, maana wangefanya nini? Alipokaribia mwisho alikuwa mbele ya nchi nzima, na alipogeuka ashangiliwe hakumwona wa kwake hata mmoja. Wanasema mpaka leo anazunguka huko, na nyumba yake ilikuchiwa kwa jua la kuazima. Siku ambazo sina hasira naye huwa namwonea huruma, kwa sababu kushika ni rahisi, kila kiganja kimeumbwa kushika, hata cha mtoto wa jana. Kuachia ndiko kunakofundishwa, na mwalimu wa kazi hiyo haonekani mara nyingi. Usiku ninaousimulia alionekana. Alikuwa mwanamke mwenye magoti mabovu.

Jina lake Nyamizi. Nyumba yake haikuwa ya mbio kubwa, ilikuwa ya kufika tu, na kufika si kazi ndogo. Mdogo wake Mihayo aliendesha pikapu iliyosindikiza wakimbiaji, akiwamulikia njia kwa taa zake na kuwachosha kwa mdomo wake. Nyamizi alikaa nyuma ya pikapu na chupa za chai ya tangawizi, karanga na dawa ya kuchua, na kila aliyemaliza alipanda akafunikwa kanga. Kalunde, mkwewe, alikimbia kipande cha kwanza. Seba, rafiki wa nyumba, alikimbia cha mwisho, cha alfajiri. Katikati kulikuwa na bonde na mlima, na hivyo vilikuwa vya mapacha: Kulwa, mume wa Kalunde, alichukua bonde, akampa dada yake Doto mlima.

Sasa nisikilizeni vizuri habari ya mapacha. Kwa watu wale pacha ni mtu mmoja mwenye miguu minne. Ukimpa huyu yai, mpe na yule. Ukimwita mmoja, ita wote wawili, na Nyamizi tangu siku aliyowazaa hakuwahi kuita jina moja likasimama peke yake. Alisema "Kulwa-Doto, njooni mle," hata kama mmoja alikuwa amekaa mbele yake tayari anatafuna. Na mmoja akifa, haliliwi. Si kwamba haumi. Ni kwamba machozi yako yanampigia hodi aliyekwenda, naye akigeuka kuitikia anamwona mwenzake aliyebaki, anamwambia twende. Kwa hiyo watu hufunga midomo, na mama hufunga zaidi ya wote, ili mtoto wake mmoja abaki.

Kulwa alifariki wakati wa kuvuna karanga, kwa homa. Nyumba ile haikulia. Nyamizi aliamka kesho yake akaenda kupukuchua mahindi, Kalunde akafagia uwanja, Doto akafagia palepale palipokwisha kufagiwa. Miezi ikapita hivyo. Siku ya kupanga wakimbiaji Mihayo alitamka kama alivyotamka kila mwaka, "Kalunde mtoni, Kulwa-Doto bonde na mlima, Seba alfajiri," na hakuna aliyekohoa. Mihayo alidhani Seba ndiye atakayesema. Seba alidhani hilo ni la wanandugu. Kalunde alidhani mama mkwe ana mpango wake. Wakaamkia siku ya mbio, jua linateremka, Kalunde ameshakwenda kujipanga mstarini, pikapu imepakiwa, ndipo Seba akauliza taratibu, akijifanya anafunga kamba za viatu:

"Kule bondeni nani atasimama?"

Kosa kama hilo haliwezi kufanywa na watu wasiopendana. Nalisema kwa heshima zote.

"Mimi," alisema Doto.

"Na mlima?"

"Mimi."

Mihayo alizima injini. "Mpwa wangu, miguu unayo, sikatai. Lakini pale katikati, penye taa, utampa nani?"

"Nitajipa mwenyewe. Natoa kwa mkono wa kulia, napokea kwa wa kushoto. Sisi si mtu mmoja?"

Mihayo alitazama usukani. Wote walimtazama Nyamizi, maana hapo palikuwa pake.

"Kaza kifuniko cha hiyo chupa," Nyamizi alimwambia Seba. "Barabara ina mashimo."

Wakaondoka.

Kalunde alifika kwenye taa ya bonde amelowa mpaka kiunoni, kwa kuwa mto ule haukuwa na daraja wala haukutaka kuwa nalo. Doto alisimama mstarini, kampa mgongo Kalunde anayekuja, kanyoosha mkono nyuma kama ilivyo desturi, kwa sababu mpokeaji hamtazami mtoaji. Akasikia pumzi, kisha mninga ukagusa kiganja.

"Chako, Kulwa," alisema Kalunde.

Sijui kama ulimi uliteleza au ulikwenda palepale ulipotumwa. Kalunde mwenyewe hajui. Doto alisikia jina lile likimpanda mkononi mpaka begani, likakaa.

"Changu," akajibu, na akaingia bondeni.

Bonde lile halikuwa na adabu na saa. Watu waliingia na mvi wakatoka na meno ya utoto. Wengine waliingia Jumatano wakatoka Jumatatu ya kabla yake, wakalazimika kuishi tena Jumanne waliyokwisha kuichoka. Doto hakuwahi kukanyaga humo, maana bonde lilikuwa la kaka yake, ila miguu yake usiku ule ilijua kila shimo kabla ya kulifikia, ikaruka pale pa kuruka, ikasogea kushoto penye jiwe ambalo macho hayakuliona. Mkimbiaji wa nyumba nyingine alimkuta, akapunguza mwendo kumsalimia.

"Kulwa, habari za tangu mwaka jana?"

"Nzuri tu. Za nyumbani?"

"Salama. Naona umepungua."

"Kazi nyingi."

Yule akapita. Sauti iliyomjibu ilikuwa nzito, na Doto hakuishangaa. Aliingoja isemeshwe tena.

Halafu bonde likaanza kumfungulia vya ndani. Aliona asubuhi ya zamani, njia ya kwenda kuchota maji, nyasi zimelala kwa umande. Kulwa mbele, fimbo mkononi, anapiga nyasi huku na huku ili umande umwagike kabla dada hajafika. Suruali yake imelowa tepetepe. Nyuma yake Doto anatembea mkavu, ndoo kichwani, analalamika kwamba wanachelewa. Alilalamika kila asubuhi. Aliona baadaye, wamekuwa wakubwa, Kulwa mbele tena, anaoa kwanza, anaugua kwanza. Alimwona mgongo tu. Ukiwa wa pili duniani unaijua migongo kuliko nyuso, na Doto aliupenda mgongo ule. Hakuwahi kumwambia mtu, kwa kuwa nani humwambia mwenzake naupenda mgongo wako.

Na mawazo nayo yakakatikakatika, kama yanavyokatika kwa mtu anayekimbia:

Mimi ni Doto. Doto ni anayekuja nyuma. Nyuma ya nani. Kama mbele hamna mtu, huku nilipo panaitwaje.

Wa kwanza anaweza kuwa peke yake. Hata bila wa pili, yupo. Wa pili je.

Nilipozaliwa mlango ulikuwa wazi tayari. Yeye ndiye aliyeufungua. Sijawahi kufungua mlango wowote.

Kijiti kiko mkononi. Kikiwa mkononi mwangu ni Kulwa anayekimbia. Hata yule bwana kamsalimia. Hata mkewe kamwita. Nikifika kwenye taa nikasema chako, nani atakuwa amemaliza? Si mimi. Mimi sijaanza. Atakuwa amemaliza yeye.

Basi nisifike.

Wazo lile lilimjia tulivu, kama mtu wa nyumbani anayeingia bila hodi. Aipite taa. Akimbie tu na kijiti, mlima na ng'ambo ya mlima, na bondeni tena ikibidi, na maadamu hajatoa, Kulwa hajakwisha. Gharama yake aliijua: nyumba itahesabiwa haikukimbia, Kalunde hakuwapo, Seba hakuwapo, mto ule wote umemlowesha mtu asiyekuwapo. Na Kulwa pia, aliyeitwa kwa jina usiku ule, hakuwapo. Hilo la mwisho alilisukuma pembeni haraka. Akaongeza mwendo, na nakwambieni ukweli, alikimbia vizuri. Hakuwahi kukimbia hivyo maisha yake yote, na laiti ningekuwa mtu wa kushangilia makosa ningemshangilia.

Taa ya mlimani ikaonekana. Mama mlinzi wa taa alikuwa amesimama kando yake na firimbi, sauti yake kavu kama ya wote wanaolipwa kukesha.

"Nyumba ya Nyamizi! Mpokeaji wenu yuko wapi?"

Mihayo, aliyelizunguka bonde kwa njia ya magari, alikuwa ameegesha pikapu pembeni, Kalunde na Seba wamesimama karibu, hakuna anayejua aweke wapi mikono. Ndipo mlango wa nyuma wa pikapu ukalia. Nyamizi alishuka kinyumenyume, kwa uangalifu wa mtu anayeteremka ghorofani na mtungi. Akavua ndara. Akaikunja kanga yake ya pili, akaifunga kiunoni, akaibana.

"Yuko hapa," alisema.

"Dada," Mihayo alisema. "Huo ni mlima."

"Nauona."

"Magoti yako hayapandi hata ngazi za zahanati."

"Mihayo, washa taa zako unimulikie, au zizime nipande gizani. Moja kati ya hayo."

Mihayo akawasha taa. Nyamizi alikwenda mstarini, akampa mgongo mtoto wake aliyekuwa anakuja, akanyoosha mkono nyuma, kiganja juu.

Doto aliuona mgongo huo akiwa mbali, na kwanza hakuujua. Alikuwa amezoea kuuona umeinamia jiko au karanga. Alijiandaa kuupita. Kushoto kwake palikuwa na nafasi ya kutosha, hata mlinzi aliona mguu wake ukielekea huko, akainua firimbi mdomoni. Ila mtu anaweza kumpita mlinzi na anaweza kuipita sheria. Kumpita mama yake aliyenyoosha mkono ni shughuli nyingine. Miguu ilipunguza mwendo yenyewe. Kijiti kikagusa kiganja cha Nyamizi, vidole vikafumba, na Doto hakuachia.

Wakabaki hivyo, wote wawili wamekishika, mmoja mbele, mmoja nyuma. Nyumba nyingine zikapita kulia na kushoto, chako, changu, chako, changu, na vumbi lao likatua.

"Sema," Nyamizi alisema bila kugeuka.

"Siwezi, mama."

"Kwa nini huwezi?"

"Nikisema, atakuwa amekwisha."

Pumzi za Nyamizi zilisikika, na hapo alikuwa hajapiga hata hatua.

"Amekwisha, mwanangu," alisema. "Alikwisha nikiwa nimemshika. Nilikuwapo alipoanza, nilikuwapo alipokwisha. Umemkimbilia bonde lake vizuri sana, nimesikia hatua zake. Sasa nipe. Kilichobaki si chake."

"Nami nitakuwa nani?"

Hilo ndilo swali, na vitabu vingi vinene vimeandikwa na watu waliolala vizuri ili kulijibu. Nyamizi hakuwa na kitabu. Alikuwa na mlima mbele yake na mkono nyuma.

"Sijui," alisema. "Tutakuona. Nipe."

Doto akafungua vidole. Kimoja, halafu vingine vyote kwa pamoja.

"Chako."

"Changu," alisema Nyamizi, na akakimbia.

Niseme alikimbiaje? Alikimbia vibaya. Goti moja lilitupa mguu nje, mkono usio na kijiti ulishika kanga isifunguke, na watoto wa nyumba nyingine waliokuwa wanapanda mlima walimpita kama anarudi nyuma. Mihayo alimfuata na pikapu kwa mwendo wa kobe, akimmulikia, na kwa mara ya kwanza tangu ajue kusema hakusema. Kalunde na Seba walipanda nyuma ya pikapu. Doto alikataa kupanda. Alifuata kwa miguu, hatua chache nyuma ya mama yake, bila kumgusa, maana anayemgusa mkimbiaji amemharibia. Nimeona wakimbiaji wengi katika nchi hii na nyingine nilizoziota. Nimewaona wenye mapaja ya swala. Hakuna niliyempigia magoti moyoni ila yule mama, aliyekuwa anapanda mlima kwa magoti yasiyokubali ngazi, kwa ajili ya kipande ambacho hakuna aliyempangia.

Walipofika katikati ya mwinuko, mikono mitupu ikaanza kumwelemea Doto. Hakujua aipeleke wapi. Aliiweka kifuani, akaiteremsha, akaipeleka usoni, na usoni ikakuta maji. Akafumba mdomo kwa nguvu, kwa kuwa alijua desturi kama alivyojua jina lake. Lakini kitu kilichokaa tangu karanga zivunwe kilikuwa kimekwisha kupata njia, na kikatoka na sauti.

Nyamizi alisikia. Bega lake lilishtuka. Hakugeuka, wala hakupunguza ule mwendo ambao haukuwa na cha kupunguza.

"Lia," alisema, neno moja kwa kila pumzi. "Lia tu. Mimi niko mbele yako. Akigeuka kukuita, atanikuta mimi kwanza."

Basi Doto alilia mlima mzima, na huko nyuma ya pikapu Kalunde akaanza naye, na Seba akamfunika kanga ambayo ilikuwa ya wakimbiaji waliomaliza. Mihayo aliwasha vifutio vya kioo cha mbele, na hapakuwa na mvua. Watu wa nyumba nyingine walipita wakatazama, wakaelewa, wakakimbia kwa upole zaidi kwa hatua chache, jambo ambalo silisemi ovyoovyo kuhusu watu walio mashindanoni.

Karibu na kilele Mihayo alimpita dada yake polepole ili kumshusha Seba kwenye taa ya mwisho. Nyamizi akamalizia gizani. Seba alikuwa amesimama mstarini amempa mgongo, mkono nyuma, na huyu mwanamke ambaye angalikuwa na kila haki ya kukiegemea kijiti kile, kukitazama, kukikumbatia japo kidogo, hakukaa nacho hata kwa urefu wa pumzi. Alisema chako kama mtu anayempa jirani chumvi. Seba akasema changu, akashuka upande wa pili akiruka. Mlinzi wa taa ya juu aligonga chuma chake mara moja kuthibitisha: nyumba ya Nyamizi imebadili mikono, wote walioshika walikuwapo.

Nyamizi alikaa chini palepale barabarani, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto anayengoja kuogeshwa. Alipumua muda mrefu. Upande wa chini, ambako Seba alikuwa anazidi kuwa mdogo, anga lilikuwa limeanza kufanana na maji ya kuoshea mchele. Mihayo alikuja mbio na chupa ya chai, Kalunde akaja na dawa ya kuchua, wakaanza kubishana nani aanze. Nyamizi aliwasogeza wote wawili kwa kiganja.

"Kila mwaka mlikuwa mnarudi mnaniambia huu mlima si kitu," aliwaambia.

Kisha akatazama nyuma, kwenye ukingo wa mwanga wa pikapu, alipokuwa amesimama mtoto wake na mikono yake mitupu, hajui kama asogee au abaki.

"Doto," akaita.

Jina likatoka peke yake, likasimama. Nyamizi mwenyewe alilisikia likiwa hivyo, na hakuliongezea kitu.

"Abee, mama."

"Njoo uninyanyue. Magoti yamekufa."

Doto akavuka ule mwanga, akainama, akampa mama yake mikono yote miwili.